Mdogo wangu kapigwa faini ya treni Uingereza na kadi alikuwa nayo, alipe tu au akate rufaa?

Uyole_Juu:

Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie mawazo maana hapa nyumbani toka juzi hatuelewi tushike lipi. Mdogo wangu wa kike yuko Uingereza anasoma masters, mji unaitwa Reading, kaenda Septemba. Sisi ni watu wa Uyole, mzee ana shamba la viazi Isyonje na mimi nina kaduka Mwanjelwa, kwahiyo mnaelewa hela ya kumpeleka mtu kule imetokaje, kila mtu alikamuliwa.

Sasa Jumamosi alienda London kumsalimia dada mmoja wa Kitanzania, yule dada akampa kadi yake moja ya Oyster akamwambia weka hela humu, watu wa hapa mjini wanatembelea hii. Akaweka paundi 20 kazunguka nayo siku nzima, treni za chini, mabasi, hakuna shida. Jioni kaenda stesheni ya Paddington arudi kwake, kagusisha kadi, taa kijani, geti likafunguka, akapanda treni akakaa. Kafika Reading anagusisha geti gumu. Karudia, gumu. Kahamia geti la pembeni, nalo hivo hivo, na nyuma yake watu wameshaanza kujaa wanataka kupita. Akaja mkaguzi akaipokea kadi, akaisoma kwenye kimashine chake, akamwambia hii kadi huku haifanyi kazi, umesafiri bila tiketi halali. Kaulizwa jina, anuani, kitambulisho, yote pale pale getini watu wanapita wanamwangalia. Akapewa karatasi, paundi 100 na nauli ya ile safari juu yake, akilipa ndani ya siku 21 ile 100 inakuwa 50.

Paundi 100 kwa hela yetu ni zaidi ya laki tatu. Kwa nauli zetu za daladala za 600 hiyo ni mtu kupanda zaidi ya mara 500. Lakini hela sio iliyomliza, alinipigia saa sita usiku za huku hata kuongea hawezi, anasema kaka wameniandika kama mwizi na mimi kadi nilikuwa nayo mkononi na ina hela ndani. Yani hicho ndo kinaniuma na mimi. Huyu mtoto tulimlea kwamba hata ukiokota mia mbili ya mtu unaulizia ya nani.

Maswali yangu sasa. Kampuni ya treni sitaitaja sitaki maneno, nataka tu kujua hii ni halali kweli, geti likufungulie lenyewe halafu ushtakiwe kwamba umeingia bila tiketi? Pili akikata rufaa ile nafasi ya kulipa 50 inapotea? Tatu na hili ndo mama analia nalo, itaharibu viza yake? Mwenye uelewa tafadhali.

---

mkwawa_kihesa:

Kamwene mkuu, poleni sana. Mimi nilikaa kule miaka mitatu kabla ya kurudi Iringa na hii ya Reading naijua, sio yeye wa kwanza. Ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo maana ukielewa kadi inavofanya kazi na barua ya rufaa inakuwa rahisi kuandika.

Oyster ilianza 2003 na ilitengenezwa kwa ajili ya London. Hela inakaa kwenye kadi yenyewe na hesabu ya nauli inapigwa pale pale getini, kadi na mashine wanaongea wenyewe kwa wenyewe kwa zoni, yani yale maeneo ya nauli waliyougawia mji, umeingilia zoni hii umetokea zoni ile, wanakata. Kwahiyo kituo kisipokuwa kwenye zoni zake hesabu haipo na kadi haina la kusema. Kwa njia hiyo ya kutoka Paddington kuelekea magharibi Oyster inaishia kituo kinaitwa West Drayton. Ukishapita hapo, Slough, Maidenhead, mpaka Reading, haitambuliki.

Sasa sikia hii ndo itawauma zaidi: kadi ya kawaida ya benki, ile ya kugusisha, inafanya kazi mpaka Reading toka Januari 2020. Kadi ya benki haibebi hesabu, mashine inanakili tu kwamba kadi hii imeingia hapa imetokea pale, halafu nauli inapigwa baadaye kwenye kompyuta zao, ndo maana waliweza kuipeleka mbali kuliko Oyster. Nina uhakika mdogo wako alikuwa nayo kwenye pochi. Angegusisha hiyo kwenye geti lile lile la Paddington asingepata faini wala nini. Geti moja, mashine moja, njano ile ile ya duara, kadi mbili, moja inakupeleka nyumbani nyingine inakupeleka kwenye faini na hakuna kitu kinakwambia wakati unagusisha. Geti la Paddington lilifunguka kwasababu halijui unaenda wapi, linajua tu kwamba hapa ni zoni ya 1 na kadi ina hela, sasa kama unashukia West Drayton uko sawa kabisa.

Uhalali: ndio wana haki kisheria, kanuni za faini hizi za treni ni za 2018, na kiwango cha 100 kilikuja Januari 2023, kabla ya hapo ilikuwa paundi 20 au mara mbili ya nauli, ipi kubwa. Walipandisha sana. Lakini kanuni hizo hizo zinampa haki ya kukata rufaa na rufaa zipo hatua tatu. Ya kwanza aipeleke ndani ya siku 21, karatasi yenyewe inasema inatumwa wapi. Wakikataa anakata ya pili. Wakikataa tena ya tatu inaenda kwa jopo la watu watatu wasio wa kampuni ya treni. Rufaa ikiwa inasikilizwa saa ya malipo inasimama, kwahiyo hiyo 50 asiogope. Kitu cha kuogopa ni kukaa kimya. Nimeona vijana wetu wanaweka karatasi kwenye droo wanasema watasahau, hawasahau wale.

Viza: faini ya namna hii sio kesi ya jinai na sio hukumu ya mahakama. Ingekuwa wamemwambia tunakupeleka mahakamani kwa kukwepa nauli makusudi, hiyo ni sheria nyingine, wanatumia mpaka sheria ya reli ya mwaka 1889, hapo ndo jinai. Kupewa karatasi ya faini maana yake yule mkaguzi hakumchukulia kama mwizi hata kama maneno yake yalisikika hivo. Mwambie mama alale.

Barua aandike fupi. Asijitetee kwa umaskini wala asiseme mi mgeni sijui sheria zenu, hiyo haiwasaidii kuamua. Aandike: nilikuwa na kadi yenye hela ya kutosha, niligusisha saa fulani Paddington, geti likafunguka, nilipofika Reading nilijaribu kugusisha tena mara mbili mbele ya wafanyakazi wenu, sikuruka geti sikujificha, nikatoa jina langu la kweli. Halafu aambatanishe historia ya safari za kadi, inapatikana mtandaoni inarudi nyuma wiki nane. Na aiangalie vizuri, maana ukiingia usipotoka kwa kugusisha Oyster inahesabu safari haijakamilika na inakata nauli ya juu kabisa. Inawezekana kakatwa hiyo, na faini juu. Aidai irudi, na aitaje kwenye barua kwasababu inaonyesha alishalipa kitu siku ile.

---

Konda_Kabwe:

Mimi ni konda mwaka wa tisa huu, Mbalizi Uyole, ntaongea kama konda. Faini siipingi. Nyie abiria hamjui tunavopata shida, mtu anashuka Mafiati kwenye foleni mlango ukiwa wazi anayeyuka, jioni tajiri anataka hesabu yake kamili haulizi nani kayeyuka, inatoka mfukoni kwangu. Kwahiyo mzungu akiweka faini namuelewa.

Lakini kuna tofauti na mi naijua kwa macho. Wiki iliyopita nilikuwa na mama mmoja kapandia Kabwe na ndoo ya maparachichi kaniambia Nanenane, akalala. Mi nikajisahau na kelele za watu nikaja kushtuka tuko Uyole. Kaamka kachanganyikiwa anafungua fundo la kanga atoe hela aongeze. Umempitiliza mtu kituo halafu umdai? Nikampandisha gari ya mwenzangu inayorudi nikamwambia konda huyu ni wangu, nauli kalipa. Hiyo haijaandikwa mahali ila makonda wote wa njia yetu tunaifanya. Na yule anayejifanya kalala ili apitilize kwa nauli fupi tunamjua pia, maana huyo hashtuki ukimwamsha.

Huyo binti angekuwa kwenye gari yangu ningemuuliza unashukia wapi kabla sijapokea hela. Ndo swali la kwanza la konda yeyote, unashukia wapi. Sasa nyie mnasema mashine inapokea bila kuuliza na ikishapokea inakudai kwanini hukusema. Mi hapo ndo sielewi.

---

Tukuyu_Mvua:

Konda umeongea kitu kikubwa hapo na ndo tofauti ya mifumo yenyewe. Mimi ni wa Tukuyu niko Dar sa hivi, huku kwenye kadi tumepita hatua kadhaa. Mwendokasi ilivoanza 2016 ilikuwa vikaratasi, unapanga foleni dirishani mpaka basi tatu zinakupita, na chenji ikikosekana unaambiwa subiri pembeni. Kivuko cha Kigamboni watu wakazoea N-Card, kadi ya kuwekea hela na kulipia getini, uwanja wa Mkapa siku za mechi N-Card. Na kote huko unaskani ukiingia tu. Kutoka unatoka bure, hakuna anayekuuliza umesafiri umbali gani kwasababu nauli ni moja. Hata mabasi ya London yako hivo, unagusisha mara moja kwa dereva basi, na yaliacha kabisa kupokea keshi Julai 2014.

Kosa la huyu binti linazaliwa kwenye mfumo wa kuingia na kutoka, ule unaopima umbali. Kwahiyo wanaoogopa kadi kuja daladala za Mbeya mjini, nauli ya mjini ikiwa moja hatari ya kupitiliza zoni haipo. Ila hizi za Mbeya Tukuyu Kyela, hapo kuna mtu anashuka Isyonje, kuna wa Kiwira, wa Ushirika, kila mmoja na nauli yake, siku wakiweka mashine ya kugusisha mlangoni pasipo konda kuuliza tutayaona ya Reading huku huku na mvua yetu ile, mama na mtoto mgongoni anatafuta kadi kwenye mkoba wa chini. Mi ningependa kadi ije lakini konda abaki. Sijui kwanini watu wakiongelea kadi kitu cha kwanza wanachofikiria ni kumuondoa mtu.

---

Forest_Kwetu:

Kadi bongo ngumu. Nairobi walijaribu 2014 matatu zote zipokee kadi, kila kampuni ikaja na kadi yake, hii haisomi kwenye gari ile, ile ya BebaPay ikafungwa 2015 na watu wakarudi kwenye keshi. Kigali wameweza lakini kule njia ziligawiwa kampuni chache zinazosimamiwa, sio kama huku kila mwenye hiace ni kampuni.

---

Mama_Njombe:

Samahani naingilia, mimi sijafika Ulaya lakini hii habari imenigusa kwasababu lilinipata la kufanana nalo huku huku kwenye tiketi hizi za mtandao za mabasi ya mikoani.

Nilikuwa natoka Mbeya naenda Njombe kwenye msiba wa baba mdogo, tiketi nilikata stendi kwa wakala nikalipa kwa simu nauli ya Njombe. Yule kijana akaandika Makambako. Mimi sikusoma, nilikuwa na msiba kichwani, na maandishi yenyewe madogo yamefifia. Kufika Makambako mkaguzi anasema mama wewe mwisho wako hapa, nikamwambia nimelipa Njombe, akasema mfumo unasema Makambako, ongeza au shuka. Basi lote kimya wananiangalia na kitenge changu cha msiba. Kilichoniokoa ni meseji ya malipo, nikafungua simu nikamuonyesha hela niliyotuma ni ya Njombe kamili na sio ya Makambako, abiria mmoja mbaba wa makamo naye akasema kweli huyu mama alitaja Njombe mimi nilikuwa nyuma yake dirishani. Akanyamaza akaenda zake mbele. Hakuomba hata radhi.

Kwahiyo dada yetu huko aliko ashike kila karatasi na kila meseji, hata ile risiti ya kuongeza zile paundi 20 kama anayo. Na mimi nauliza, hivi bibi yangu wa Lupembe asiye na simu ya maana, siku mfumo ukimkosea na yeye hana meseji ya kuonyesha, atasema nini aaminike? Simu yangu iliaminiwa kuliko mdomo wangu, nililia kwa hilo kuliko msiba wenyewe.

Tiketi mi nazipenda, zimepunguza kulanguliwa siku za sikukuu, bei inaonekana. Ila mkaguzi afundishwe kuuliza kwanza.

---

mkwawa_kihesa:

Mama Njombe pole sana na msiba na hilo lililokupata. Na umenikumbusha jambo, kwenye zile kanuni za Uingereza zipo sababu zinazofuta faini kabisa: kama pale ulipopandia hapakuwa na namna ya kununua tiketi, kama matangazo ya faini hayakuwekwa, au kama mfanyakazi wa pale alikuruhusu upande. Uyole_Juu muulize mdogo wako vizuri, alipokuwa Paddington aliongea na mfanyakazi yeyote? Akiuliza platifomu ya Reading akaonyeshwa na kadi iko mkononi, hilo aliandike na saa.

---

Uyole_Juu:

Wakuu nimerudi, samahani kukaa kimya siku zote hizi umeme huku ulikuwa wa shida na nilitaka nije na kitu kamili.

Kwanza mkwawa_kihesa kweli kabisa, kakatwa nauli ya juu. Tumefungua historia ya kadi pamoja kwenye simu ya video, iko pale Paddington saa 11 na dakika 42 jioni kaingia, safari haijakamilika, imekatwa. Ameidai na wamesema watairudisha. Kadi ya benki alikuwa nayo pia, kwenye mfuko wa koti ule ule, nilivomwambia kuhusu hilo alikaa kimya muda mrefu.

Kuhusu mfanyakazi, ndio, aliuliza. Kuna mtu kavaa kizibao cha kazi alimuuliza treni ya Reading ni ipi akamuonyesha ubao na kumwambia harakisha inaondoka. Kadi ilikuwa mkononi lakini hakumuuliza kuhusu kadi, na mdogo wangu kakataa kuandika kwamba aliruhusiwa. Kasema kaka nitaandika kwamba niliuliza platifomu, basi, kwasababu ndo nilichouliza. Mzee alivosikia hivo akasema muache aandike hivo hivo.

Barua imetoka Jumanne, siku ya kumi, ukurasa mmoja na vielelezo vitatu. Risiti ya zile paundi 20 aliikuta kwenye kitabu anaitumia kuwekea alama, Mama Njombe Mungu akubariki. Hela ya 50 nimeitenga dukani kwenye kopo sijaigusa, wakikataa hatua zote tatu italipwa na hatutalalamika.

Konda_Kabwe, nilimsomea ile ya mama wa maparachichi. Kacheka kwa mara ya kwanza toka Jumamosi ile, akasema sasa hivi kabla ya kugusisha popote anajiuliza mwenyewe kwa sauti, unashukia wapi.

Mama hapa kila asubuhi akinipita kwenda shamba anauliza wamejibu? Namwambia bado mama, ni siku ya nane tu. Ndaga fijo wote, likija jibu nalileta hapa hapa.